Barua ya wazi kwa wenye funguo za kitivo cha sheria

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Elimu ya Juu,
Bujumbura, au Gitega ikiwa mmeshahamia huko na mji mkuu.

Yah: Pongezi kwa kuwakinga watu wazima na masomo ya sheria

Kutoka mwambao wa Muhuta, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, napenda kuwapongeza. Sidai kwamba mmeandika popote kuwa mtu wa miaka 45 asisome sheria. Mwenye busara haandiki neno kama hilo, maana likishaandikwa atatokea mtu wa kulipinga mahakamani. Imetosha kuiweka diploma ya taifa ya sekondari mlangoni, Kifaransa darasani na kitivo chenyewe mjini Bujumbura, kisha kuiachia barabara ya RN3 kazi iliyobaki. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake akitaka kuwahi somo la asubuhi, kwanza atafute basi lenye mafuta, na miaka hii ya karibuni kulipata kumekuwa bahati. Halafu aombe dua apite Gitaza, mahali ambapo Machi 2015 mlima uliteremka ukaifunga njia. Mtanijibu kwamba mjini kuna vyuo binafsi vinavyofundisha jioni. Ni kweli, na huo nao ni ustadi: jioni ndiyo saa ambayo mvuvi anasukuma chombo majini. Mchana amelala na usiku yuko kazini, basi mlango uko wazi saa zote asizoweza kuingia.

Kuna mkanganyiko mmoja tu, nao naomba mnifafanulie. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011, kama ile iliyoitangulia ya 1986, inamtambua mtu aliyekaa kwenye shamba miaka 30 kwa amani na kwa uwazi, hata kama hana karatasi. Akiwa aliingia kwa nia njema, miaka hiyo inapungua hadi 15. Maana yake ni kwamba mbele ya sheria yetu miaka mingi ni hati. Watu wa pwani hii hawakulisoma hilo kitabuni. Walikimbia mauaji ya mwaka 1972, wengi wakavuka kwenda Tanzania, na waliporudi wakakuta michikichi yao ina wamiliki wengine na ile miaka 30 imeshapita. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006 na kumaliza muda wake 2022, ilihangaika na migogoro hiyo miaka yote, na palipokosekana karatasi ushahidi ulikuwa kinywa cha mzee anayejua mpaka ulipita wapi. Kisha sheria ya mwaka 2021 ikarudisha baraza la wazee wa mlima, kama tunavyokiita kijiji chetu, wasikilize kesi kabla hazijafika mahakamani. Kwa hiyo mtu wa miaka 55 huku Muhuta anafaa kuwa shahidi, anafaa kuwa mshtakiwa, na akiheshimika anafaa hata kuamua kesi ya jirani yake. Kazi pekee ambayo haikupangwa kwa ajili yake ni kuisoma sheria anayoitumia kuamua.

Wala hana ugeni na masomo ya mwaka wa kwanza. Kijana wa miaka 20 hufundishwa mamlaka ya mahakama, yaani kesi ipelekwe wapi, na huikariri kwa jasho. Mtu mzima wa Muhuta ameiishi bila kuhama nyumba: alikuwa Bujumbura Rural, mwaka 2015 akaamka yuko mkoa wa Rumonge, na mgawo mpya wa mikoa mitano ukamrudisha Bujumbura mwaka 2025. Muulizeni faili lake liko wapi, mtapata mhadhara mzima. Mama wa makamo naye ameyasikia mabaraza ya ukoo yakigawa mashamba ya marehemu, akijua kwamba Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi na kwamba jambo hilo limeachiwa mila. Nakiri kwamba hapa tahadhari yenu ina msingi. Mama huyo akisoma sheria atauliza ni kifungu kipi kinachompa kaka yake shamba lote, na profesa atafungua kitabu kutafuta kifungu kisichokuwemo. Bora aendelee kukamua mawese.

Wapo wanaowatetea kwa hoja nzito, na ni haki kuzisikiliza. Wanasema viti vya chuo ni vichache, tena kijana ana miaka 40 ya kulitumikia taifa, hali mzee ana 20. Hesabu ni sahihi, ila imehesabu miaka ikasahau mahali. Wakili kijana ana kila sababu ya kubaki mjini penye wateja wenye fedha. Mwenye shamba, wajukuu na makaburi ya wazazi Muhuta hana pa kuhamia. Miaka 20 ya mwanasheria aliyeko mlimani si haba kwa mlima usio na mwanasheria. Jirani zetu ng'ambo ya ziwa waliwahi kuipindua hesabu hii kabisa: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa sekondari wakafanye kazi kwanza, wapendekezwe na wenzao wa kazini, ndipo waingie chuo kikuu. Baadaye likalegezwa, kwa hiyo siwauzii kama dawa ya kila ugonjwa. Kilichopo hadi leo ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinachofundisha sheria kwa mtu ambaye hawezi kuacha kazi yake. Ziwa ni lile lile, samaki ni wale wale. Inawezekana ni upepo unaotofautiana.

Wengine wanasema kichwa cha mtu mzima hakishiki vifungu. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria mwaka 1989, kwa masomo ya mbali, akiwa mfungwa mwenye miaka 70. Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Kesi yenye jina lake ilifika Mahakama ya Juu na mwaka 2009 ikaondoa hukumu ya kifo ya lazima, naye akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani ya gereza la Luzira. Ukuta wa Luzira, inaonekana, ni rahisi kupenya kuliko ratiba ya kitivo chenu. Ama Kifaransa, hicho ni kikwazo cha kweli hasa kwa waliosomea Tanzania, lakini mlalamikaji wa mahakama ndogo ya vijijini anajieleza kwa Kirundi, na sokoni Rumonge Kiswahili ndicho kinachouza. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama zao hazijaanguka. Hoja ya mwisho ni kwamba mzee ataingia darasani na chuki za mashamba. Ataingia nazo, sikatai. Kijana naye huja na shamba la baba yake, ila bado hajajua linadaiwa na nani.

Basi siombi makubwa: mtihani wa kuingilia kwa mwenye umri na uzoefu, kama ule wa Makerere kwa waliofikisha miaka 25; masomo ya mwisho wa wiki, ikiwezekana huku huku Rumonge; na mwalimu asiyeona haya kueleza kifungu kwa lugha ya mteja. Mkihitaji muda wa kutafakari, chukueni. Sisi tutakaa hapa mlangoni kwa amani na kwa uwazi, bila kumficha mtu nia yetu, na majirani watashuhudia tarehe tuliyofika. Ikitimia miaka 30 nafasi hiyo itakuwa yetu, na kwa kuwa nia yetu ni njema, nadhani 15 itatosha.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Muhuta, mwenye umri unaokubalika kwa ushahidi tu