Ombi Dogo Kutoka Mashariki

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mhandisi Moses Magogo, Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Uganda (FUFA), Mengo, Kampala

Mheshimiwa Rais,

Nakusalimu kwa heshima zote nilizojaliwa, na zile zilizopungua nimeziazima kwa majirani. Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua ya siri ingekuwa na adabu zaidi, lakini barua za siri za watu wa kawaida zina bahati mbaya moja: hubaki siri hata kwa yule aliyeandikiwa.

Mimi ni shabiki wa Mbale Heroes, mkazi wa Mbale chini ya mlima Wanale. Riziki hunipeleka Jinja mara kwa mara, na huko nako nimejikuta nikizipenda timu zao, mradi hazichezi na yetu. Kwa hiyo barua hii naiandika kwa niaba ya Wagisu wa Mbale na Wasoga wa Jinja kwa pamoja, jambo ambalo wenyewe hawajanituma.

Kabla ya kuomba chochote, niruhusu nishukuru. Ulichukua uongozi mwaka 2013, wakati Uganda Cranes ilikuwa haijaonekana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika tangu ile fainali ya Accra ya 1978. Mwaka 2017 tukaenda Gabon, baada ya miaka 39. Mwaka 2019 tukaenda Misri na kuvuka hatua ya makundi, hadi Senegal ilipotutoa kwa goli moja. Septemba 2023 ikatangazwa kule Cairo kwamba mashindano ya 2027 yatakuja kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania pamoja. Watu wa mashariki tulishangilia kama wenzetu wote. Ni baadaye tu, furaha ilipotulia, ndipo mmoja wetu akauliza kwa sauti ndogo: yatachezwa wapi?

Mheshimiwa, swali hilo halikuulizwa kwa ubaya. Tuliletewa majibu na tukayapokea: Namboole, Hoima na Lira. Kati imepata, magharibi imepata uwanja mpya wa viti 20,000, kaskazini imepata. Hatuna wivu hata kidogo. Tulikuwa tunahesabu tu pande za nchi kama tulivyofundishwa shuleni, na kila tukirudia hesabu unabaki upande mmoja.

Uwanja wa Lira umepewa jina la John Akii-Bua, aliyeiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Munich, 1972. Anastahili jina hilo, na kama wangempa viwanja viwili nisingepinga. Lakini kwa kuwa wewe ni mhandisi na hesabu hazikutishi, naomba nikukumbushe kwamba nchi hii ina dhahabu tano za Olimpiki. Nne zilizofuata zililetwa na watoto wa Sebei, hapa hapa mashariki: Stephen Kiprotich London mwaka 2012, Peruth Chemutai na Joshua Cheptegei kwenye michezo ya Tokyo, kisha Cheptegei tena Paris mwaka 2024. Kwa kiwango cha uwanja mmoja kwa dhahabu moja, mtu asiye na adabu angedai viwanja vinne. Sisi tunaomba mmoja. Nao wakimbiaji wetu, kwa hisani yao, wameturuhusu uwe wa mpira.

Nathubutu kuomba kwako kwa sababu wewe si mtu wa mbali. Watu wa Budiope Mashariki, pale Buyende, walikupeleka Bungeni mwaka 2021, kwa hiyo Busoga ni kwenu. Tena umeoa Bukedea, mlangoni mwa Mbale, na kwa hesabu ya ujirani sisi tunajihesabu upande wa wakwe. Shemeji haombwi kwa sauti ya juu, nami nimejitahidi kuishusha. Ila wakwe, kama ujuavyo, hawajapata kukiri kwamba mahari imekwisha.

Niruhusu sasa niitambulishe timu yangu, maana huenda kazi nyingi zimekusahaulisha. Kombe la Uganda, ambalo wazee bado wanaliita Kakungulu, limefika Mbale mara mbili: mwaka 1976 na Gangama United, na mwaka 1999 na Mbale Heroes. Najua Kakungulu wa kombe ni Mwanamfalme Badru, wala si Semei aliyeuanzisha mji wetu, lakini mtu wa Mbale akisikia jina hilo haoni haja ya kusahihisha. Mwaka 1976 ulikuwa mwaka wa imbalu, vijana wakitahiriwa na ngoma za kadodi zikilia kila kilima, na baadhi yetu tukaamini kwamba kombe hufuata mwaka wa tohara. Mwaka 1999 ukaja bila imbalu na kombe likaja vilevile. Imani ile ilivunjika na hakuna aliyeililia.

Msimu wa 2024/25 tulirudi Ligi Kuu. Tulikaa msimu mmoja, kama mgeni mwenye haya asiyetaka kuwachosha wenyeji, tukashuka. Jirani zetu wa Jinja walikuwa wametangulia: msimu wa 2023/24 walikuwa na timu tatu, Gaddafi, Busoga United na BUL, na ulipokwisha wakabaki na BUL peke yake.

Sitaki kulaumu waamuzi. Nina orodha, lakini nimeiacha nyumbani. Sababu kubwa zaidi anaijua kila mtu aliyewahi kukodi basi. Mbale hadi Mbarara ni safari ya karibu kilomita 500: ushuke Tirinyi, Iganga, uvuke Nile pale Jinja, upite msitu wa Mabira, ukwame kwenye msongamano wa Kampala, kisha ndiyo kwanza uanze nusu ya pili. Wachezaji wanafika wakiwa wamekwisha kucheza mechi moja na barabara. Timu ya Kampala inaweza kumaliza wiki kadhaa za ligi bila kulala nje ya nyumba zao.

Jinja ilikuwa na dawa ya gharama hizo: viwanda. Nytil ilifuma vitambaa na ikawa na timu. Nile ilitengeneza bia na ikawa na timu. Kiwanda kikikohoa, timu iliugua. Kikifungwa, timu ilizikwa. BUL ni masalia ya utaratibu huo, timu ya kiwanda cha mafuta ya kupikia na sabuni, na kwa hilo tunaishukuru. Mwaka 2022 ilichukua Kombe la Uganda kwa kuifunga Vipers 3-1. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya timu hiyo ilitokea Masindi, upande wa pili wa nchi, na mashabiki wengi wa Jinja waliisikia redioni.

Hata siku za kawaida, Mheshimiwa, BUL imezoea kuwakaribisha wageni kwenye kituo chenu cha ufundi pale Njeru. Ni mahali pazuri, na tunawashukuru FUFA kwa kutukaribisha. Ila Njeru iko ng'ambo ya mto, wilaya ya Buikwe, ndani ya Buganda. Msoga anayetaka kuiona timu yake ikicheza nyumbani huvuka Nile na kutoka Busoga. Sidhani kama kuna mashabiki wengine nchini wanaosafiri kwenda ugenini ili wawe nyumbani, na kama wapo, naomba niwape pole.

Sasa nifike penye jambo ambalo ningependa ulisome ukiwa umeketi. Januari 2023 Arsenal iliifunga Manchester United 3-2. Kesho yake mashabiki wa Arsenal mjini Jinja wakavaa jezi nyekundu, wakashika kikombe, wakaandamana barabarani kwa furaha. Polisi wakawakamata wanane. Maelezo yalikuwa kwamba maandamano yale hayakuwa na kibali, na habari ikazunguka dunia nzima. Ligi yenyewe Arsenal hawakuichukua msimu ule.

Watu walicheka. Mimi nilitafakari jinsi furaha ya mji mzima inavyoishi London. Mtoto wa mitaa yetu, wa Walukuba kule Jinja au Namatala hapa Mbale, anajua jina la beki wa akiba wa timu ya Uingereza na hajui jina la kipa wa timu iliyo umbali wa nauli ya boda boda. Simlaumu. Kwenye kibanda cha mpira kuna paa, kuna benchi, kuna soda, na mechi inaonyeshwa jioni mtu akiwa ametoka kazini. Timu yetu inacheza siku ya kazi saa kumi, kwa kuwa uwanja hauna taa. Mvua ikinyesha anajikinga kwa gazeti. Na mke wangu hawezi kuandamana nami kwa sababu ya hali ya choo, ambayo kwa heshima yako sitaieleza. Watu wale wanane walikuwa na furaha halali isiyokuwa na mahali pa kuwekwa.

Najua utakachojibu, na utakuwa na haki: viwanja ni mali ya halmashauri na serikali, FUFA haijengi uwanja wa Kakindu wa Jinja wala uwanja wa manispaa wa Mbale. Ni kweli. Lakini ninyi ndio mnaokagua viwanja na kutoa leseni kwa klabu. FUFA ikisema uwanja haufai, mji hujibu kwamba hauna fedha za kuutengeneza kwa ajili ya timu ya daraja la chini. Timu nayo husema haiwezi kupanda na kudumu bila uwanja wa kuingiza watazamaji wanaolipa. Kila mmoja anamsubiri mwenzake kwa adabu kubwa, na nyasi zinaendelea kuota pasipotakiwa. Mtu mmoja tu anakaa meza zote tatu, ya mpira, ya Bunge na ya wakwe, na jina lake nimeliandika juu ya barua hii.

Kwa hiyo ninayoomba ni haya. Kwanza, mashariki iingizwe kwenye mpango wa viwanja, kama si wa 2027 basi wa miaka inayofuata, na ahadi hiyo iandikwe mahali ambapo tunaweza kuisoma. Pili, wakati tukisubiri, Kakindu na Mbale vipatiwe mambo madogo: mifereji ya maji, uzio, vyoo vya wanawake na taa. Tatu, nauli za timu za mbali zisaidiwe kutoka mfuko wa ligi, ili kushuka daraja kuamuliwe na mpira na si na dizeli.

Ukiona tunatamani makubwa, tazama Lugazi, hapo hapo barabara ya Jinja. Mwaka 2012 watoto wa mji ule wa miwa walikwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Lugazi walifika, na kabla ya kurudi wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Huo ni mchezo ambao Waganda wengi hawajui hata kuhesabu pointi zake. Walichokuwa nacho watoto wale ni mtu wa kuwafundisha na mahali pa kuchezea. Mpira wa miguu tunaujua tayari, kwa hiyo gharama yenu ni nusu.

Nami nikueleze ninachokitumainia, ili usidhani ni vikombe. Natumaini Mbale Heroes irudi Ligi Kuu na ikae misimu miwili mfululizo. Natumaini kijana wetu mwenye kipaji abaki angalau hadi apate ndevu, kabla shule za Kampala hazijamchukua. Natumaini kuona basi la Vipers likiingia Mbale siku ya Jumamosi, wachezaji wakishuka na kusikia kadodi kutoka nje ya geti, na kocha wao akiuliza kwa wasiwasi kidogo hiyo kelele ni ya nini. Tukifungwa siku hiyo, nitakuandikia barua nyingine ya shukrani. Tukishinda, hutapata barua, kwa kuwa nitakuwa barabarani na wenzangu.

Nikuombe tena radhi kwa urefu wa maneno. Afya njema kwako, na salamu kwa wote wa Buyende na Bukedea.

Wako mtiifu,
Shabiki wa Mbale Heroes,
Mbale.

Nakala: Mameya wa majiji ya Jinja na Mbale, kwa utekelezaji, wakipenda.
Nakala: Mkuu wa Polisi, Jinja, kwa taarifa. Tarehe ya maandamano tutamjulisha mapema, mara tu tutakapokuwa na timu ya kuandamania.