Giaboksi ya Baba Kulwa

IST yetu imetembea kilomita laki tatu na ushee, na hizo ni zile zinazoonekana kwenye dashibodi. Za Japani anazijua aliyezirudisha nyuma. Hivi karibuni ukiweka D ilikuwa inawaza kwanza, halafu inashtuka kama mtu aliyeguswa usingizini.

Fundi wetu wa hapa Kahama alinionya mapema: "Mama Kulwa, mwambie mzee asiiguse hiyo oili. Akimwaga tu, giaboksi inakufa." Kauli hiyo utaisikia gereji nyingi mpaka Katoro, nayo ina chembe ya ukweli. Oili iliyochakaa hubeba unga wa pleti za klachi, na unga huo huo husaidia pleti zilizolika zishikane. Lakini giaboksi inayoishi kwa uchafu wake ilishakata tiketi zamani, na mie nasema afadhali ifie mikononi mwa mtu aliyejaribu.

Jumamosi Baba Kulwa akaingia uvunguni na karai langu la michembe. Hakuniuliza. Ikatoka oili nyeusi, inanuka kuungua, wakati mpya ni nyekundu. Akafungua na sampo, kumbe ndani mna sumaku, zimejaa tope la kijivu.

Hapo shemeji, aliyekuja kutoka kwenye karasha huko Nyarugusu, akasogea. Yeye sumaku ni kazi yake. Ndiyo wanayopitishia mchanga kuondoa chuma dhahabu ibaki. Akachota tope kwa kidole gumba, akalisugua polepole, akaligeuza juani. "Laini hii, kaka. Ungekuta vipande, ungeanza kutafuta giaboksi nyingine." Kisha akaligeuza tena. Mazoea.

Shida ikaja kwenye kujaza. Gari hili likifunguliwa hutoa kama lita 3 tu. Nyingine hubaki kwenye toroki konveta. Baba Kulwa alikuwa amenunua galoni la lita 4, T-IV yenyewe, na hela ikishatoka habakizi kitu. Akamimina yote kupitia tundu la kijiti cha kupimia, kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako.

Tukaondoka nalo kwenda sokoni, hatukufika. Oili iliyozidi ilichapwa na gia ikatoa povu, povu likatokea kwenye tundu la hewa, likadondokea ekzosi ya moto. Moshi ukatanda, bodaboda wakatukimbia.

Tukaipunguza kwa bomba la sindano ya ng'ombe alilolisahau baba mkwe, tukaliunga na mpira wa dripu. Safari hii tulipima inavyotakiwa: gari lina moto, injini inanguruma, gia zimepitishwa zote hadi kurudi P. Sasa D inaingia bila kelele.

Jana baba mkwe kapiga simu kutoka Masumbwe, bwana mifugo anakuja kuchanja, bomba liko wapi? Baba Kulwa akamjibu kwamba mtandao unakatakata.