Kikao cha Ukoo Chakosa Ukumbi

Skype ilizimwa Mei 5, 2025, na mpaka leo ukoo wetu haujakubaliana uhamie wapi. Kwa mwendo huu, katiba mpya itatutangulia.

Wenye mali siwalaumu. Microsoft walitangaza mapema, Februari 28, wakasema atakaye aingie Teams kwa jina na nywila ileile, atawakuta ndugu zake wamepangwa humo kama alivyowaacha. Ninaowanung'unikia ni ndugu wenyewe.

Kwa wasioikumbuka: Skype ilianza 2003. Waanzilishi ni Mswidi na Mdenmaki, walioiandika ni vijana wa Estonia. Mwaka 2005 eBay waliinunua kwa dola bilioni 2.6, na 2011 Microsoft wakatoa bilioni 8.5. Mabilioni yote hayo, na sisi hapa Ngamiani, Tanga, tukaongea miaka na miaka video kwa video bila kulipa senti. Jambo hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi.

Kwetu ilikaa kwenye kompyuta ya mezani, sebuleni, na kamera ya kubana juu ya skrini. Ijumaa saa tatu usiku unasikia ule mlio wake wa kububujika, watoto wanagombea kiti, na kaka aliye Houston anaona mapaji ya nyuso matano na feni. Majira yao ya joto, kule huwa ni saa saba mchana, na Hamburg kwa binamu saa mbili usiku. (Ukifika mwezi Machi, Wamarekani husogeza saa zao wiki kadhaa kabla ya Wazungu wa Ulaya kusogeza za kwao, na sisi tusiosogeza chochote ndio tunaoambiwa tumechelewa.) Lakini tulikutana mahali pamoja.

Sasa sikiliza mambo yalivyo.

Mimi nilisema, jamani, si tuko WhatsApp? Kundi la ukoo lipo, misiba tunatangaziana humo, michango tunadaiana humo. Shangazi wa Dubai akatuma ujumbe wa sauti, na ujumbe wa sauti wa shangazi huusikilizi ukiwa umesimama. Baada ya salamu, hali ya joto, na habari za jirani Mfilipino, akafika kwenye hoja: huko Falme za Kiarabu WhatsApp wanakuachia uandike na utume sauti, ila kupiga simu kumefungwa. Wao wana programu zao zilizopewa kibali, Botim na nyinginezo, tuingie huko. Kaka akauliza Botim ndiyo nini. Shangazi akamjibu kwa ujumbe mwingine wa sauti.

Kaka mwenyewe anataka FaceTime. Hapa kwetu simu zote ni Android, na nyingine zimeshapita mikono ya watu watatu. Anasema si tatizo, tangu 2021 mwenye simu nyingine anaweza kuingia kwa kiungo. Kweli anaweza. Ila kumpigia yeye huwezi, inabidi usubiri akutumie kiungo, na kaka ni mtu wa kusahau tangu utotoni.

Binamu wa Hamburg haingii popote ila Signal. Anasema kwingine kote data zetu zinachukuliwa. Nimemuuliza data gani. Mazungumzo ya ukoo huu ni sukari ya mjomba, bati la choo cha Bibi, na nani hakuchangia mahari ya nani. Mtu akiyachukua hayo, naomba pia achukue deni.

Halafu kuna shemeji, mtumishi wa serikali Dodoma. Yeye ndiye pekee aliyetii, akahamia Teams siku ileile. Ijumaa iliyofuata sote tukapata mwaliko wa kikao wenye ajenda: kufungua kikao, yatokanayo na kikao kilichopita, mengineyo. Mke wangu akaniuliza kama kuna posho.

Tukajaribu programu moja ya mikutano, ile iliyotufundisha sote wakati wa Korona kusema "zima maiki". Ukiwa hulipi, kikao cha watu wengi kinakatwa dakika ya 40. Kikomo hicho kaweka mtu ambaye hajawahi kusalimiana na watu wa Pwani. Tulianza vizuri. Shikamoo, marahaba, hamjambo huko, hatujambo, watoto, hawajambo, na yule aliyekuwa anaumwa jino, ameng'oa, alhamdulillahi, na huko mvua, huku mvua hakuna. Ukishamaliza na mmoja, anaingia wa pili, na adabu haikuruhusu kumwambia kwamba hayo ya mvua tumeshayasema. Shangazi akachelewa kuingia, tukaanza upya. Ikabaki dakika moja na nusu, mjomba akakohoa, akasema, "Sasa wanangu, lililotukutanisha leo ni lile shamba…" Skrini ikafungwa. Shamba lile mpaka sasa sijui limeuzwa au limevamiwa.

Lakini hayo yote ni mambo ya wenye simu janja. Mzigo wenyewe ni Bibi.

Bibi yuko Pangani na ana kitochi. Chaji inakaa siku nyingi, tochi inamfikisha msalani usiku, redio ipo. Simu janja tulimnunulia, imo kabatini ndani ya boksi lake, imefunikwa na kanga, kwa sababu anasema inamtazama. Zamani hilo halikuwa tatizo. Skype ilikuwa na upande wa kulipia: kaka anaweka salio, mnaongea kwa video, katikati ya maongezi anabonyeza namba ya Bibi, kitochi kinalia Pangani, Bibi anaingia kikaoni kwa sauti bila kujua kwamba amepita Marekani. Walipofunga, wenye salio waliachiwa kibodi ya kupigia wamalizie haki yao. Salio la kaka lilikuwa la kumaliza mara moja.

Hapo ndipo nikapata kazi ya kumfafanulia kila mtu kwa nini programu zote hizi nzuri, za bure, zinazoonyesha mpaka chunusi, zinashindwa kumfikia bibi kizee. Programu kwa programu zinaongea ndani ya intaneti, hakuna anayemdai mwenzake. Kitochi kiko kwenye mtandao wa simu. Sauti ikitoka intaneti kuingia huko inavuka mpaka, na kampuni ya simu inayoipokea inatoza kila dakika, kama mzigo unaopita Horohoro. Kuna kampuni nyingi bado zinauza dakika hizo kwa walio ng'ambo. Kaka alizipitia. Alipoona dakika ya kupiga India inavyouzwa na dakika ya kupiga Tanzania inavyouzwa, akauliza kwa dhati kabisa kama Bibi hawezi kuhamia Mumbai.

Ushauri wa kumpa Bibi simu janja kwa lazima nimeukataa, na sababu ninayo. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Tulikuwa Pangani siku hiyo. Nyumba imejaa watu wazima wenye simu za laki kadhaa, kila mmoja anainua ya kwake juu kutafuta mtandao, na Bibi amekaa kibarazani anaongea na shoga yake wa Mkwaja mpaka sikio likapata joto. Akamaliza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani anataka kuazima simu. Tangu siku ile hakuna wa kumfungulia boksi.

Basi utaratibu wa sasa, ambao haukupitishwa na kikao chochote, ni huu. Ijumaa saa tatu usiku naweka simu yangu mezani, ndani yake wamo Houston na Hamburg, kwani binamu alilegeza msimamo baada ya kuambiwa kuna mazungumzo ya urithi. Pembeni yake simu ya mke wangu, ndani yake Dubai. Katikati kitochi cha mwanangu, kimempigia Bibi kwa bando la dakika za kawaida. Zote kwenye spika, na kitochi kimetumbukizwa kwenye bakuli la udongo ili kipaze sauti. Shangazi anajisikia mwenyewe akirudi kutoka Marekani, anadhani anajibiwa, anamjibu. Bibi hasikii yeyote isipokuwa mimi, kwa hiyo kila linalosemwa nalirudia kwa kupiga kelele juu ya bakuli, na la Bibi nalirudisha kwa wengine nikipunguza makali. Skype sasa ni mimi. Majirani wameacha kuuliza kulikoni.

Wiki iliyopita kaka alilalamika kwamba sauti inakwangua, akashauri ninunue maikrofoni ya maana. Nikamjibu kwenye kundi atume hela. Tiki mbili za bluu, kimya. Aliyejibu ni wa Hamburg. Anataka kwanza kujua hiyo maikrofoni imetengenezwa wapi.