Mwongozo wa Kwenda Haja Marekani, kwa Mgeni Asiyejua

Ndugu msafiri, viza umepata, tiketi umekata, na wazee wameshakuombea dua. Wamekuusia kuhusu baridi, kuhusu bei ya hospitali na kuhusu kutobishana na polisi. Choo hakuna aliyekitaja. Katika majimbo kadhaa ya Marekani siku hizi choo ni suala la kisheria, na mtu aliyebanwa hawezi kuanza kusoma sheria mlangoni.

Anza kwa kufungasha cheti cha kuzaliwa. North Carolina ndiyo iliyoanzisha mtindo wa kugawa vyoo kwa cheti hicho. Jiji la Charlotte lilikuwa limepitisha kanuni ya kuwaruhusu watu waliobadili jinsia kutumia choo kinacholingana na maisha wanayoishi. Bunge la jimbo likaitwa kwa dharura, na tarehe 23 Machi 2016 sheria ya HB2 ikajadiliwa, ikapitishwa na kutiwa saini na Gavana Pat McCrory, yote siku hiyohiyo. Ikasema kwamba katika shule na majengo ya serikali, choo kifuate cheti. Nani angekagua cheti? Sheria haikumtaja. Haikuweka askari, faini wala kifungo kwa atakayekosea mlango. Ila iliweka wazi jambo moja: mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, ambaye cheti chake tangu utotoni kinasema KE, sharti aingie choo cha wanawake. Wanawake haohao ndio watetezi wa sheria walisema inawakinga wasikutane na wanaume chooni.

Gharama yake ilikuwa ya kutisha. PayPal ilifuta mpango wa kituo cha ajira 400 mjini Charlotte. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ilihamishia New Orleans mchezo wake wa nyota wa 2017. Shirika la habari la AP lilipiga hesabu likaona jimbo lingepoteza zaidi ya dola bilioni 3.76 katika miaka 12. Choo cha bei hiyo hakijajengwa hata Dubai. McCrory alishindwa uchaguzi Novemba 2016, na miezi michache baadaye sharti la cheti likafutwa.

Usidhani majimbo mengine yalijifunza. Yalijifunza kuandika sheria kwa ustadi zaidi.

Ukitua Florida, kumbuka kwamba uwanja wa ndege ni mali ya umma, kwa hiyo sheria ya vyoo ya 2023 ya jimbo hilo iko nawe tangu unaposhuka. Ukitoka nje ukala kwenye mgahawa wa mtu binafsi, sheria hiyo haiko nawe tena, hata kama choo kina marumaru ileile. Na kuingia choo kisichokuhusu peke yake si jinai. Jinai ni kuambiwa utoke na mfanyakazi wa jengo hilo, ukagoma. Hapo ni hadi siku 60 jela na faini ya dola 500. Kwa hiyo ukisikia sauti nje ya mlango, usijibu kwa hasira. Uliza kwanza kama mwenye sauti ameajiriwa hapo.

Utah walibuni namna ya kuchongea. Mei 2024 ilifunguliwa fomu mtandaoni ya kuripoti taasisi zisizotii sheria yao ya vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, na ikakabidhiwa ofisi ya mkaguzi wa serikali. Maskini mkaguzi John Dougall, mtu wa madaftari na risiti, akageuzwa mlinzi wa maliwato. Ndani ya siku chache alimiminiwa maelfu ya taarifa za utani, naye akalalamika hadharani kwamba kazi hiyo hakuiomba.

Texas haikushiki wewe. Inamshika mwenye jengo. Tangu tarehe 4 Desemba 2025, taasisi ya umma inayovunja sheria ya vyoo hutozwa dola 25,000 kwa kosa la kwanza na 125,000 kwa linalofuata. Mlango wa choo ukikosewa mara mbili, bajeti ya maktaba nzima imekwenda. Usishangae basi karani akikutazama kuanzia kisigino hadi utosini.

Na huko kutazamwa ndiko kiini cha mambo yote. Cheti hakikaguliwi na mtu, ila uso wako unakaguliwa na kila mtu. Mwaka 2025 mlinzi wa hoteli moja mjini Boston alimtoa kwenye choo cha wanawake mwanamke aliyezaliwa mwanamke, na Massachusetts, jimbo la Boston, hata sheria ya namna hii halina. Dada zangu warefu, wenye sauti nzito, na ninyi mnaopenda kunyoa kipara kama enzi za bweni, mwongozo huu ni wenu pia.

Wanaozitetea sheria hizi wanataja faragha na usalama wa wanawake, na mzazi yeyote aliyewahi kumsubiri binti yake nje ya choo cha stendi hawezi kuidharau hofu hiyo. Lakini kumshambulia au kumchungulia mtu chooni ni kosa la jinai tangu zamani, na mwenye nia hiyo hajawahi kuzuiwa na kibao cha mlangoni.

Ukibahatika kualikwa Bungeni, Washington, ujue hata wenyeji wana shida. Sarah McBride wa Delaware alichaguliwa Novemba 2024, mtu wa kwanza anayejulikana wazi kuwa amebadili jinsia kuingia Baraza la Wawakilishi. Hajaapa bado, Spika Mike Johnson akatangaza vyoo gani hataingia. Bahati nzuri kila mbunge ana choo ofisini kwake. Wewe huna, kwa hiyo tafuta mlango ulioandikwa choo cha familia.

Wenye shida hii hasa hawahitaji mwongozo wangu. Katika utafiti wa 2015 uliowahoji zaidi ya Wamarekani 27,000 waliobadili jinsia, asilimia 59 walisema wamekwepa vyoo vya umma mwaka huo, asilimia 32 walipunguza kula au kunywa ili wasibanwe, na asilimia 8 waliugua njia ya mkojo au figo kwa kujizuia. Utafiti huo ulifanyika kabla ya sheria hata moja kati ya hizi kupitishwa.