Namna ya Kuringia Njombe Bila Kuonekana Unaringa

Kwanza jifunze kulalamika. Mgeni ndiye anayesifu: anashuka kwenye basi, anavuta hewa, anatangaza kuwa huku ni pazuri. Mwenyeji hana haraka hiyo. Akitaka ujue kwao ni bora kuliko kwenu, atakunja uso na kukuambia baridi ya Njombe haifai kabisa, jana kalala na mablanketi matatu na miguu haikupata moto hadi alfajiri. Usimpe pole. Anatamba. Anajua wewe wa Dar es Salaam ulilala bila shuka, feni ikikupepea joto lile lile, na malalamiko yake yote yalikuwa yanaelekea hapo.

Mazoezi yaanze njiani. Kutoka Dar ni kilomita kama 700. Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na mibuyu, abiria wote ni sawa mbele ya jua. Basi likimaliza kupanda Kitonga, wenyeji huanza kuchangamka bila sababu ya wazi. Mafinga sweta zinatoka mabegini. Wewe baki na shati lako jepesi hadi Makambako, utetemeke kidogo, waseme, "Huyu mgeni huyu, atakoma." Ni starehe isiyowagharimu kitu, usiwanyime.

Ukifika, usiseme "Njombe, Iringa." Mkoa umekuwa wa kwao tangu 2012, na kosa hilo hurekebishwa kwa upole wa kutisha. Kisha salimia. "Kamwene" hujibiwa kwa "kamwene", basi. Hakuna sarufi ya kuogopa. Ugumu ni kwamba inampasa kila mtu: mama wa viazi, mzee aliye ng'ambo ya barabara, hata bodaboda aliyekwisha kupita. Ukijibu "poa," utajibiwa, lakini mkono wa kukupimia viazi utakuwa mwepesi.

Sasa ulanzi, kinywaji cha mianzi, ambao ndio mtihani wenyewe. Njoo wakati wa mvua, maana mianzi haimgojei mtu likizo yake. Chipukizi hukatwa ncha, mbeta hutegwa kupokea majimaji, na mgemaji hupita asubuhi na jioni kuchonga upya palipokatwa, la sivyo panaziba. Unaotoka mpya ni mtogwa, mtamu na mpole. Hapo ndipo mgeni hunywa lita nzima, akasema kumbe ni juisi tu, akaweka nyingine kwenye dumu aimalizie jioni. Dumu nalo halikai bure. Kinywaji hiki hujichachia chenyewe, hakiombi hamira wala ruhusa, na baada ya muda kinaitwa mkangafu, jina ambalo mgeni huyo atalielewa akijaribu kusimama.

Usiulize kina kilevi asilimia ngapi. Usikifananishe na mvinyo wa hotelini. Onja, nyamaza kidogo, tazama mbali, kisha sema, "Si mbaya, ila ule wa juzi ulikuwa bora." Kilabu kizima kitakukubali. Haidhuru kwamba juzi ulikuwa bado Kimara. Ulanzi bora siku zote ni wa juzi, na siku zote ulitoka kwenye mianzi ya bonde la pili.

Ukiulizwa mpira, ujue simulizi inaishia wapi. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu, na msimu wa 2017/18 Simba na Yanga zikalazimika kupanda milima hadi Uwanja wa Sabasaba. Ishia hapo. Usitaje kwamba msimu huo huo timu ilishuka, na usiulize ni wangapi uwanjani siku hizo walivaa jezi za wageni.

Vivutio usivihangaikie. Maporomoko ya Luhuji yapo hapo hapo mjini. Mwenyeji atakuambia yapo tu, hayaendi kokote. Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu, ni kule Makete, na asiyewahi kuikanyaga atakuelezea maua yake kwa ufasaha zaidi ya aliyekwenda.

Tahadhari ya mwisho inahusu mashamba. Utakuta kila mtu ana parachichi, au ana jirani mwenye parachichi, au anatafuta heka za kupanda parachichi. Mtumishi wa ofisi za Dar ambaye hajawahi kushika jembe atakuonyesha miche yake kwenye simu kabla ya watoto wake. Ukiuliza "yameanza kuzaa?" uliza mara moja tu.

Siku ya kuondoka usikatae mzigo. Ni viazi, na mfuko utashonewa kilemba juu kwa mtindo wa lumbesa, uliokatazwa mara nyingi sana na ambao kila mmoja atakuambia hutumiwa na wengine. Kondakta atalipisha, mbishane kidogo, kwa heshima ya safari. Parachichi watakupa mabichi, magumu, yasiyoingia hata kucha, na watakuhakikishia yataiva taratibu, moja baada ya jingine. Yataiva yote Jumatano. Majirani zako waanze kununua mkate tangu Jumanne.