Kitufe Kilichohama

Visual Basic ilipotoka mwaka 1991 ilikuja na raha mpya kwa watengeneza programu: chukua kitufe, kiburute kwa kipanya, kiweke unapotaka, basi. Mimi nilikuja kuikuta raha hiyo miaka mingi baadaye, nikaipokea kwa mikono miwili. Sikuuliza kitufe kikishawekwa nani atakizuia kisiondoke.

Nilikuwa natengeneza programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. Chombo nilichotumia sikitaji jina, maana bado kinanilisha. Siku ya kwanza nilipanga visanduku vikapendeza kama vikombe kwenye kabati la bibi: jina la mteja, bidhaa, idadi, bei, na kitufe cha "Hifadhi" chini kulia. Nikaenda kujipongeza kwa chai. Niliporudi, kidole kikateleza, nikabofya lebo moja mara mbili. Ukibofya hivyo, chombo hudhani unataka lebo ifanye kazi, kikakuandikia kipande cha msimbo kitupu. Kiherehere hicho! Nikakifuta. Fomu nzima ikatoweka, ukabaki ukurasa mweupe unaolalamika kwamba label17_Click haipo. Kumbe kuna faili jingine ambalo chombo hujiandikia chenyewe chinichini, na humo ndimo label17 ilimokuwa ikimsubiri marehemu. Faili lenyewe lina onyo: usibadilishe kitu humu. Nikabadilisha. Ningefanyaje, na fomu yangu imetekwa?

Hilo lilikuwa dogo. Laptopu yangu huonyesha vitu kwa asilimia 150, yaani nukta 144 kwa inchi badala ya 96; kompyuta ya mezani nyumbani ni asilimia 100. Kila nilipohamia mashine nyingine na kugusa kitufe kimoja tu, chombo kiliandika upya vipimo vya fomu nzima bila hata hodi. Visanduku vikanenepa, vikakonda, vikanenepa tena, kama tumbo langu Ramadhani.

Siku ya kukabidhi kazi nikafika dukani nimechomekea shati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nikishaandika, nahifadhi wapi?"

Nikatazama. Skrini yake ya zamani ilikuwa na nukta 768 tu kwenda chini, na "Hifadhi" ilikuwa imezama huko chini ya ukingo, haionekani hata kwa tochi. Nikamwambia abonyeze Tab mpaka aifikie. Kosa jingine! Tab haifuati jinsi visanduku vilivyokaa, inafuata jinsi vilivyotanguliana kuzaliwa. Kisanduku cha simu, nilichokikumbuka mwisho kabisa, kilikaa jirani na jina lakini zamu yake ilikuja baada ya "Hifadhi". Kishale kikawa kinaruka kutoka jina hadi bei, kikarudi kwenye idadi, kikapotea, kikaibukia kwenye simu.

Mzee akavua miwani. "Mwanangu, hiki kitu kina majini?"

Nilirudi baada ya siku tatu na fomu niliyoipanga kwa kuandika msimbo mwenyewe, mstari kwa mstari. "Hifadhi" ikakaa juu, kubwa, ya kijani. Lakini muuzaji wa pale alikuwa ameshazoea: Tab mara saba, kisha Enta. Ikabidi nirudishe ule mpangilio wa Tab kama ulivyokuwa. Mpaka leo anabonyeza mara saba, na kitufe kinamtazama usoni.