Afuge Yeye, Tuumwe Sisi

Mtaani kwetu kila chenye miguu kina kanuni yake. Mbuzi akionekana barabarani, mwenyewe anaitwa ofisini. Jogoo mmoja aliyezoea kuwika saa nane usiku alijadiliwa kikao kizima. Lakini jirani yangu alipotoka semina ya ujasiriamali na kutundika mizinga mitano kwenye mwembe unaopakana na ukuta wangu, hakuna aliyekohoa.

Si kwamba nchi haina sheria. Ipo ya ufugaji nyuki, ya mwaka 2002, na jirani anaitaja mpaka namba yake, 15. Maafisa nyuki nao wamesema hadi koo zimewakauka: manzuki ikae mbali na nyumba, mbali na shule, mbali na njia ya watu na mifugo, na maji yawe karibu. Katika hayo yote jirani alilishika la mwisho.

“Maji yapo karibu, mzee wangu,” akaniambia.

Yapo kweli. Ni ya kwangu.

Njoo uani kwangu saa tano asubuhi ujionee. Wamejipanga kwenye ukingo wa beseni la kufulia, mikia juu, wanafyonza bila haraka, na mama watoto kasimama mlangoni na ndoo yake akisubiri wamalize. Wakishashiba wanapita juu ya kamba ya nguo, na hapo ndipo kanzu yangu ya Ijumaa inapopata vidoa vya njano. Ni haja zao hizo. Nyuki ni kiumbe msafi mno, hajisaidii ndani ya mzinga wake. Anakwenda kwa watu.

Nikamshauri jirani aangalie wenzetu. Jiji la New York lilikuwa limepiga marufuku nyuki, likawaruhusu mwaka 2010 kwa masharti: uandikishe mizinga, uwawekee maji yako mwenyewe, wasiwe kero kwa watu.

“Kumbe hata New York wanafuga!” akafurahi.

Sasa mtu huyo utamwelezaje kwamba nyuki wa kule wengi asili yao ni Ulaya, wapole, na hawa wetu ni ukoo mwingine? Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamponyoka, na uzao wao ukasambaa hadi kusini mwa Marekani, watu wakiukimbia. Hao ndio ndugu wa hawa wa kwenye mwembe. Tena nyuki akishakuchoma anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ndiyo ya kuwaita wenzake. Upande wa pili wa ukuta wangu kuna genge la ndizi.

Tukapeleka shauri kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti akafungua kwa kusema wahenga walinena, fuata nyuki ule asali. Nikatupa jicho mezani pake: chupa ya maji, na ndani yake si maji, ni kitu cheusi kizito. Nikajua jirani kapita mapema.

Bibi mmoja aliyekuwa bado kavimba jicho akasimama, tukampigia makofi. Akauliza asali itauzwaje kwa wana mtaa. Kijana mmoja akapendekeza ukuta upandishwe ili nyuki wapite juu ya vichwa vyetu, wazo zuri, ila akanitazama mimi kwenye suala la matofali. Mwingine akataka kurina kufanyike usiku, majirani wakiwa wameambiwa kabla. Wengi tukasema mizinga ihamie shamba.

Jirani akainuka kwa unyenyekevu. “Ndugu zangu, nahamisha. Ila nikiigusa leo masega yatakatika, na asali ndiyo inaanza kuiva.”

Kimya.

“Inaiva lini?” akauliza mwenyekiti.

Hoja ikaahirishwa mpaka baada ya kurina, na kila nyumba ya jirani ikatakiwa kuleta chombo cha nusu lita. Mimi nilipinga vikali. Nyumba ya nne kutoka kwenye mwembe haiwezi kuhesabiwa sawa na yangu inayowanywesha. Nikadai iandikwe kwenye muhtasari, na ikaandikwa, kwamba chombo changu ni dumu.